Sura ya Tano: Mtu Asiyeweza Kurudi Kutudai

Dagaa wanaouzwa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi husubiri mbalamwezi ipite, kisha huingia ziwani na taa zao. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za sola na betri. Dagaa huufuata mwanga mpaka kwenye wavu, na alfajiri mitumbwi inaporudi mwaloni wachuuzi huwa wameshapanga ndoo zao. Jua likipanda, mzigo umekwisha anikwa. Wanaoanikwa kwenye chanja hukauka safi. Wanaoanikwa chini huokota mchanga, na mvua ikiwawahi kabla hawajakauka hubadilika rangi na kuvunjikavunjika, wakaishia kuwa chakula cha kuku.

Kisha hufungwa kwenye magunia, na hapo ndipo ninapoomba tusimame kidogo. Anayefunga gunia la dagaa pale Kirumba mara nyingi hatamwona kamwe atakayelifungua. Mzigo unapanda lori, unavuka mpaka kwenda Kongo, Rwanda au Zambia, unapita mikononi mwa madalali wawili watatu, mwisho unamfikia mama anayepima dagaa kwa kopo katika soko ambalo sisi hatutalikanyaga. Akifika katikati ya gunia akakuta mchanga na vumbi la dagaa, hajui amshike nani. Hana jina, hana namba ya simu, hana nauli ya kuja Mwanza. Na amekwisha lipa.

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa dagaa. Aliketi kwenye turubai, miguu ameinyoosha mbele, akachambua kwa mkono: kokoto huku, magamba ya konokono huku, vipande vya furu huku. Wa katikati ya gunia aliwachambua sawasawa na wa juu. Wenzake walimwambia, "Mama, unajichosha bure, mzigo wenyewe unakwenda mbali." Jibu lake nalikumbuka mpaka leo: "Huyo wa mbali ndiye ninayemchambulia. Wa hapa ananijua, atanifuata nyumbani."

Kadiri ninavyosali na kufanya kazi kando ya ziwa hili, ndivyo ninavyozidi kusadiki kwamba katika jibu lile mlikuwa na sehemu kubwa ya Injili. Imani ya Mkristo hujulikana hasa kwa namna anavyomtendea mtu asiyeweza kurudi kumdai. Mteja wa kila siku ukimpunja atakuhama. Mkubwa wako kazini ukimdharau atakufukuza. Jirani usipokwenda kwenye msiba wake, naye hatakuja kwenye wako. Hao wote twaweza kuwatendea mema hata kama hatumjui Mungu, kwa kuwa tunawahitaji. Lakini yule aliye mbali, aliye mnyonge, aliyekwisha kufa, yeye hana cha kutupa wala cha kutufanya. Kwake twabaki sisi na Mungu peke yetu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu amealikwa kula nyumbani kwa kiongozi mmoja wa Mafarisayo. Anamwambia mwenyeji wake kwamba akiandaa karamu asiwaite rafiki na majirani matajiri, maana hao watamwalika nao na deni litakuwa limelipwa. Awaite maskini, vilema na vipofu. Sababu anayoitoa ndiyo inayonigusa: hao hawana cha kumlipa, na kwa hiyo ana heri. Tumezoea kulisikia neno hili kama ushauri wa sikukuu, tukapika pilau ya Krismasi tukawaita watoto wa mtaani. Ni jambo jema. Lakini mimi nalisikia kama kanuni ya Jumatatu asubuhi, dukani, mwaloni na ofisini.

Mawe mawili mfukoni

Gunia lina upande wake wa pili. Mkulima wa mpunga wa Magu, Misungwi au Sengerema anapouza mavuno yake, mara nyingi ada ya shule inamngoja na deni la pembejeo limeiva. Mnunuzi anakuja na gunia, analijaza mpaka mdomoni, kisha analiongezea kilemba juu na kulishona kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, viongozi wameikemea miaka nenda rudi, lakini mkulima anakubali kwa sababu akikataa, lori litageuza lirudi tupu na yeye abaki na mpunga wake. Analipwa bei ya gunia moja kwa mzigo unaopita gunia moja.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, linakataza mtu kutembea na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwake, moja kubwa na jingine dogo. Kubwa la kununulia, dogo la kuuzia. Nikilisoma agizo lile naona masoko yetu yalivyo. Lumbesa ni lile jiwe kubwa. Gunia lenye mchanga katikati ni lile jiwe dogo. Na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, akaimba kwaya Jumapili, akatoa zaka, akachangia ujenzi wa kigango, bila ya mtu yeyote kanisani kumwuliza, kwa sababu fedha ikishafika kwenye kapu la sadaka haionyeshi ilikotoka.

Ninajua jibu linalotolewa, maana nimelisikia mara nyingi: ukifanya biashara kwa haki peke yako utafilisika. Silichukulii jibu hili kijuujuu. Mama anayechambua mpaka katikati ya gunia hupoteza muda, na uzito alioutoa ni fedha aliyoitoa. Imani humgharimu, na tusiwadanganye vijana wetu kwa kuwahubiria kwamba uaminifu hulipa kila mara. Wakati mwingine haulipi. Yesu hakuahidi kwamba maskini watamlipa mwenye karamu kwa njia nyingine wiki inayofuata. Malipo aliyoyataja aliyaweka katika ufufuko wa wenye haki. Anayeamini ufufuko anaweza kufunga gunia la haki na kusubiri.

Imani ilivyofika Bukumbi

Tukumbuke pia jinsi imani hii ilivyofika pande zetu. Mwishoni mwa mwaka 1882 mapadre Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita White Fathers, waliondoka Buganda wakashuka kusini mwa ziwa, na mwaka 1883 wakaanza misioni Bukumbi, kusini mwa mji wa sasa wa Mwanza. Miongoni mwa Wakristo wa mwanzo wa misioni zile walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani. Njia za biashara ya watumwa na pembe zilikuwa zimefika ziwani, na Kageye, pwani ya Kayenze, palikuwa kituo kikubwa cha wafanyabiashara tangu kabla ya msafiri Stanley kufika pale mwaka 1875.

Mtoto aliyenunuliwa sokoni ili awekwe huru hana anachoweza kumrudishia aliyemkomboa. Baba yake hajulikani alipo, kijiji chake kimechomwa, hana ng'ombe wala jina la ukoo litakalomsaidia. Kwa watu wa namna hiyo ndiko Kanisa la Usukuma lilikoanzia. Historia ya umisionari ina mambo mengi ya kujadiliwa, na wapo wanaoyajadili vizuri kuliko mimi. Lakini jambo hili moja nataka tulishike: miongoni mwa wazee wetu katika imani walikuwamo watu ambao, kwa hesabu za soko, hawakuwa na faida yoyote kwa mtu.

Na kule Ukerewe alizaliwa mwaka 1896 Aniceti Kitereza, aliyesoma seminari ya Rubya na kuwafanyia kazi mapadre katika tafsiri. Wengi tunamfahamu kwa riwaya yake kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoiandika kwa Kikerewe na kuikamilisha mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1980 na Tanzania Publishing House, naye akafariki mwaka uliofuata. Ni hadithi ya mume na mke wanaopendana huku wakikosa mtoto na kusemwa na ndugu. Kitereza alilijua jambo hilo nyumbani kwake. Yeye na mkewe walizika watoto wao wangali wachanga, na bado alibaki naye, mke mmoja, katika jamii iliyomhesabia mwanaume heshima kwa idadi ya watoto wake.

Ninapofikiria imani ya kila siku, ndoa ile hunijia kabla ya mahubiri yoyote. Ndoa nyingi zetu huvunjika kimyakimya kwa sababu mmoja ameanza kumwona mwenzake kama biashara isiyolipa: hazai, haleti fedha, ameugua muda mrefu. Mkristo aliyeapa altareni hakuapa kwa sharti la faida. Kubaki na kumheshimu mwenzako siku ambazo hana la kukupa, siku baada ya siku, bila ya mtu kukupigia makofi, ni ushuhuda mkubwa kuliko mkutano wa injili uwanjani.

Kuzika mgeni

Ziwa limetufundisha somo hili kwa machungu. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwa njia ya Kemondo ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ilipinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Mamia na mamia ya watu walikufa. Makaburi ya wengi wao yako Igoma, na miongoni mwao wamo waliozikwa bila ndugu wa kuwatambua. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora siku ya gulio, kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Zaidi ya watu 200 walipotea. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na wanakijiji wenye mitumbwi, waliovuta kwenye maji yeyote aliyeshikika, kabla ya kujua ni ndugu wa nani au ni wa dini gani.

Maiti haimlipi anayeiosha. Haitakuja kwenye msiba wako, haitakuchangia harusi. Kwa hiyo kuzika mgeni ni tendo la imani lisilo na mchanganyiko, na Kanisa limelihesabu miongoni mwa matendo ya huruma tangu zamani.

Hapa sina budi kusema neno kuhusu jumuiya zetu. Katika miaka ya 1973 na 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, waliamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa. Uamuzi ule ulikuwa wa busara, na matunda yake tunayala. Mtaani kwetu jumuiya hukutana Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba, tunasoma Injili ya Jumapili, tunaulizana hali. Mtu akiugua tunajua. Mtoto akikosa ada tunajua. Mgeni aliyehamia Mwanza kutoka Kigoma au Tarime, ambaye hana shangazi wala mjomba mjini, hupata ndugu siku ileile.

Lakini jumuiya inaweza kugeuka chama cha kulipana. Daftari la mahudhurio linafunguliwa, la michango linafunguliwa, na siku mtu anapofariki swali la kwanza linakuwa, "Alikuwa anasali wapi? Alikuwa anatoa?" Ikigundulika kwamba hakuonekana muda mrefu, wengine wanasema asihudumiwe, liwe fundisho kwa walio hai. Ninaelewa wanachokitetea. Mtu hawezi kuwapuuza wenzake miaka yote kisha familia yake idai kila kitu siku moja. Utaratibu unahitajika, na viongozi wa jumuiya hubeba mzigo mzito bila mshahara.

Hata hivyo ninasema kwa moyo wangu wote: siku ya mazishi si siku ya kudai madeni. Aliyelala pale hawezi tena kuhudhuria. Anayefundishwa si yeye, ni mjane wake na watoto wake, nao wanafundishwa kwamba Kanisa ni mahali pa nipe nikupe. Tukienda kumzika yule asiyetuhesabu, tukawabebea maji wafiwa, tukalala kwenye mkeka uani pao, hapo tunakuwa tumehubiri jambo ambalo daftari haliwezi kulihubiri. Mazungumzo ya mahudhurio yafanyike na walio hai, mapema, kwa kuwatembelea.

Bibi mwenye macho mekundu

Kuna mtu mwingine asiyeweza kutudai, naye ametugharimu aibu kubwa Kanda ya Ziwa. Ni bibi kizee mjane, anayeishi peke yake kwenye nyumba ya pembeni. Katika vijiji ambako miti imekwisha, amepika miaka yote kwa kuni mbichi, mabua na mavi ya ng'ombe makavu, katika jiko lisilo na dirisha. Ukiinama kuingia jikoni kwake, moshi unakuchoma macho kabla hujamwona aliyeketi. Yeye ameketi humo maisha yake yote. Kwa hiyo macho yake ni mekundu, na kwa macho hayo wako waliouawa kwa kuitwa wachawi. Tangu karibu mwaka 2007 tukasikia na mauaji ya watu wenye ualbino, watoto na watu wazima, kwa ajili ya viungo vyao, kwa imani kwamba vinaleta utajiri ziwani na migodini. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli.

Waliofanya hayo hawakutoka nchi nyingine. Walitoka katika vijiji vyenye makanisa. Inatupasa tujiulize ramli chonganishi inapataje wateja kati yetu, na mimi nadhani inafuata mkondo uleule wa gunia. Mtoto akifa ghafla, uchungu unatafuta pa kutulia, na mpiga ramli anatoa jina. Mara nyingi ni jina la mtu asiye na wa kumtetea: mjane, asiye na watoto wa kiume karibu, mwenye kashamba ambako wengine wamekatupia jicho. Ramli haimtaji mtu mwenye nguvu. Inamtaja asiyeweza kurudi kutudai.

Simsemi mganga wa miti shamba anayejua mzizi wa homa. Nasema juu ya jina linalotajwa gizani. Kwa Mkristo wa Usukuma, kukataa kulisikia jina hilo ndiko kumkiri Kristo mbele ya watu. Na kukataa peke yake hakutoshi, kwa sababu bibi aliye peke yake yuko hatarini hata kama wewe umenyamaza. Inabidi aonekane ana watu. Mpitie asubuhi njiani kuelekea kisimani, mwambie "Shikamoo bibi," au kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kwa sauti ambayo jirani ataisikia. Mtume mwanao ampelekee maji. Mtengenezeeni dirisha jikoni. Kijiji kikiona kwamba bibi yule ana wageni kila siku, mwenye nia mbaya atasita.

Pa kuanzia

Juu ya kilima cha Bugando iko hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, inayoendeshwa kwa ushirikiano wa Kanisa Katoliki na serikali, nayo hupokea wagonjwa wa rufaa wa kanda nzima. Akina mama Wakatoliki wa WAWATA huenda kuwatembelea wagonjwa, nami nimekwenda nao. Mgonjwa asiye na ndugu hana haja ya kutambulishwa. Utakitambua kitanda chake: chini yake hakuna beseni, hakuna hotpoti, hakuna mkeka uliokunjwa wa mtu wa kumlinda. Pengine ametoka kisiwani, nauli ya kumleta ilikuwa ya mtu mmoja.

Kazi inayotakiwa pale ni ndogo na haina utukufu. Kufua khanga. Kumshikia kikombe cha uji. Kuuliza nyumbani kwao ni wapi na kumpigia simu mtu wake. Kesho kutwa ataruhusiwa, atapanda kivuko kurudi kwao, nawe hutamwona tena. Atasahau hata jina lako. Hiyo si hasara. Hiyo ndiyo karamu ya Luka 14, na wewe umealikwa kuiandaa.

Watu huniuliza jinsi ya kuishi imani wakati kazi ni nyingi na sala zinakatizwa na uchovu. Ninawashauri wasianze kwa kuongeza ibada. Jioni, kabla ya kulala, mtu ajiulize swali moja: leo nimekutana na nani asiyeweza kunilipa wala kunidhuru, na nimemtendeaje? Fundi atamkumbuka mteja asiyejua bei ya spea. Karani atamkumbuka mzee aliyetoka Kwimba akaambiwa arudi kesho. Mwalimu atamkumbuka mtoto asiyekuwa na mzazi wa kuja kulalamika. Kila mmoja wetu atamkuta wake, maana hakuna siku inayopita bila huyo mtu kuwekwa mbele yetu.

Swali hilo ulipeleke pia kwenye jumuiya Jumamosi, mkishamaliza kusoma Injili. Msilijibu kwa maneno ya jumla. Tajeni nyumba, tajeni kitanda, tajeni mzigo unaofungwa wiki hii, kisha mpange nani atakwenda na lini. Kristo amesema, katika Mathayo sura ya 25, kwamba lile tulilomtendea mdogo kabisa tumemtendea yeye. Basi yule tuliyedhani hawezi kurudi kutudai, atarudi, na atakuwa ndiye Bwana mwenyewe. Tumtendee haki sasa, angali mwenye njaa na mgeni kati yetu.